Mwaka wa Kufagia Misikiti

Nilikuwa nimeinama uani nasugua sufuria la pilau, jivu mpaka viwikoni, nikasikia binti mmoja anamnong'oneza mwenzake nyuma ya pazia la jikoni: "Huyu bibi ndiye yule mkazamwana aliyezungushwa misikiti ya porini na marehemu?" Mwenzake akajibu, "Ndiye huyo. Marehemu akili zilikuwa zimemruka, ati walikuwa wanafagia magofu." Sikuinua kichwa. Umri huu wangu nimejifunza kwamba ukitaka kusikia habari zako mwenyewe, nenda msibani ukaoshe vyombo. Ilikuwa hitima ya arobaini ya Bi Mwanahawa, mama mkwe wangu wa kwanza, hapo kisiwani Juani, katika nyumba ile ile niliyoingizwa bibi harusi nikiwa sijatimiza miaka ishirini. Nilikuwa nimetoka Kilindoni ninakoishi na mume wangu wa pili, nimevuka kwa boti na kilo zangu za mchele, miguu inauma. Mabinti wale hawakukosea sana. Tulifagia magofu kweli. Lakini nani alikuwa na akili zake na nani hakuwa nazo, hilo nataka nilisimulie mwenyewe, maana waliokuwapo wamebaki wachache, na mie mdomo bado ninao.

Shomari, mume wangu wa kwanza, nilikaa naye mwaka haujatimia. Sitaki kumsifu kupita kiasi kwa kuwa hayupo. Alikuwa mtu wa utani, mvivu wa kuchota maji, na akicheka hufumba macho. Msimu ule alikwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, pamoja na watu waliotoka Kilwa, wakatoka asubuhi moja na mashua kwenda kutega jarife, wavu wa papa, nje ya miamba. Hawakurudi. Waliokwenda kuwatafuta waliokota dumu la maji likielea na ubao mmoja wa mashua wenye rangi ya buluu, basi. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia, habari zikawa zinakuja kwa midomo ya watu: mara wameonekana Songosongo, mara wameokotwa na meli, mara mtu kamwona Shomari kwa macho yake Kilwa sokoni ananunua viatu. Kila neno lilipofika, Bi Mwanahawa alijaza ndoo maji ya kuoga akayaweka chooni yamngoje mwanawe, mpaka yakaingia wadudu. Mwana alikuwa huyo mmoja tu. Wengine wote aliwazika wachanga.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe na udongo, vyumba viwili na ukumbi, paa la makuti. Ukuta kati ya chumba changu na chake haukufika juu, hivyo nikijigeuza kitandani yeye alijua, na yeye akivuta uradi mie nilisikia tasbihi ikigonga. Kila Alhamisi alasiri aliingia chumbani kwangu akaitungua kanzu ya Shomari kwenye kigingi, akaipiga pasi ya mkaa, akairudisha, tayari kwa Ijumaa. Tulikula sinia moja, wali wa nazi siku tuliyojaliwa, siku nyingi muhogo na ng'onda wa kukausha juani, na kabla sijatia mkono yeye huchota fungu la Shomari akalifunika kwa kawa. Asubuhi tulikula kiporo cha mtu asiyekuwepo. Majirani nao hawakujua wanifanyeje. Waje na kanga za msiba, msiba haupo. Waje na vigelegele, sherehe haipo. Wee, hata salamu ziliwashinda! Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na mfiwa mwenyewe alikuwa hajakubali kwamba amefiwa.

Ndipo baba yangu mdogo akaja kutoka Kirongwe kuniulizia. Alikaa ukumbini na Maalim Kombo, imamu wa msikiti wetu, mtu mpole mwenye sauti ya mafua. Sisi wanawake tulikuwa chumbani nyuma ya pazia, Bi Mwanahawa anachambua mchele, mie nimejifanya nashona.

"Maalim, sisi hatukuja kugombana," baba mdogo alisema. "Tunataka tufahamishwe. Mtoto wetu ni mke au ni mjane? Kama ni mke, mume yuko wapi? Kama ni mjane, mbona hakukaa eda?"

Maalim alikohoa kwanza. "Hapa kwetu, mtu akichukuliwa na bahari na chombo kikaonekana kimevunjika, tunamsalia sala ya ghaibu, sala ya maiti ambaye mwili wake haupo. Kuanzia siku hiyo mkewe anakaa eda, miezi minne na siku kumi, kisha yuko huru. Lakini sala hiyo hatuisali mpaka mama mzazi aridhie. Ndivyo tulivyowakuta wazee. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na mzazi akikataa maisha yake yote?"

Bi Mwanahawa aliweka ungo chini, akasema kwa sauti ya kuwafikia wote, "Mwanangu hajafa. Nyinyi mkimsalia, mtakuwa mmemzamisha nyinyi. Nimeweka nadhiri, Maalim. Nitaifagia misikiti ya kale yote niliyopata kuijua, niwashe ubani, nisali, nimwombe Mola anirudishie kijana wangu. Nikimaliza wa mwisho na bado hajarudi, nitakuja kwako na jibu."

"Lakini mama, ile misikiti haina hata mapaa."

"Mungu hanyeshewi, Maalim."

Baba mdogo alicheka bila kupenda. Kisha yule mama akaongeza, "Na Zaituni atakwenda na mie. Mwenye mume ni yeye." Jamani, niliona giza. Nilikuwa nimeshafunga kanga zangu kwenye mkoba, natumaini kulala kwetu Kirongwe siku ile. Nilizifungua nikazirudisha kwenye sanduku, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Tulianza na Kua, kwa kuwa ni huku huku Juani. Asiyeijua ataona kichaka tu. Anayeijua ataona mji mzima umelala ndani ya miti, kuta za mawe ya matumbawe, milango isiyokwenda popote, makaburi, na misikiti yake. Tulipita mashamba ya muhogo na mikorosho, chini mawe makali yanayokula kandambili, yeye mbele na ufagio wa chelewa begani, mie nyuma na kifuu cha makaa, ubani, mkate wa kumimina na chupa ya maji. Tulipofika kwenye msikiti, alisimama mahali ambapo zamani palikuwa na mlango, akavua viatu. Mie nilikuwa na ukuta mzima ulioanguka mbele yangu, ningeweza kuingilia popote kama mbuzi, lakini alinitazama tu, nikazunguka nikaingia mlangoni kama watu. Tulifagia majani, mavi ya komba na vipande vya chokaa. Penye mihrabu tulikuta vichupa vya marashi na vitambaa vya watu wengine waliokuja na haja zao, naye akaviinua kimoja kimoja, akafagia chini yake, akavirudisha vile vile. "Za watu hizi," alisema. "Kila mmoja ana lake." Kisha akanigeukia: "Wewe Zaituni, unafagia kama mtu anayefukuza kuku. Fagia kama mwenye nyumba yuko ndani."

Tukasali rakaa mbili, akaomba dua ndefu ambayo sikuisikia ila jina la Shomari. Halafu tukakaa kizingitini tukala mkate. Hapo ndipo nilipomwona mtu mwingine kabisa. Nyumbani alikuwa mkali, mwenye kuhesabu vijiti vya kuni. Porini alilegea, akasimulia, akaimba nyimbo za unyago zenye maneno ya kumtoa mtu jasho, tena uani mwa msikiti, astaghafirullah. Aligusa ukuta kwa kiganja akasema, "Aliyejenga hapa naye alikuwa na mama." Nilitaka kumchukia siku ile na sikuweza vizuri. Tangu hapo nimesali katika misikiti yenye mazulia ya kuzama mguu, yenye mapanka na marumaru, Dar es Salaam na Zanzibar, na sisemi vibaya. Lakini nikifumba macho nikaambiwa "msikiti," kinachonijia ni ule wa Kua, mjusi ukutani na mbingu juu.

Mara ya pili kwenda Kua nilikuwa katika siku zangu. Nilipomwambia kwamba leo siingii, nitamngoja nje, uso wake ulisawijika mpaka nikaogopa. Alikaa chini palepale njiani. Sikuelewa; nikadhani amechomwa na mwiba. Ni mpaka nilipokuja kuzaa mwenyewe ndipo nilipofahamu kwamba tangu habari za mashua zilipokuja alikuwa akinichungulia, nikitapika anafurahi, nikikataa samaki anafurahi, akitumaini kwamba Shomari ameniachia kitu tumboni. Siku ile lile tumaini nalo lilikwisha. Hakunilaumu kwa neno. Alinyanyuka akaingia peke yake akafagia, nami nikamsikia kwa nje akikohoa kohoa kama anayezuia jambo.

Tukaenda Chole, kisiwa cha jirani, ambako mizizi ya mikuyu imekumbatia kuta mpaka hujui kipi kinachomshika mwenzake, na popo wamening'inia juu wakigombana mchana kutwa. Tukapanda kaskazini ya kisiwa kikubwa, kile chenye Kilindoni, kwa miguu na kwa lori la nazi, tukilala kwa watu. Nchi ya huko ni tambarare, majani chini ya minazi, ng'ombe wamefungwa kamba ndefu, upepo unapita bila kizuizi, na ghafla katikati ya majani unaona ukuta mmoja na mihrabu yake, hapana kijiji, hapana kisima, hapana mtu. Nilikuwa naushangaa upweke wake. Watu walitia udhu hapa, wakagombea safu ya mbele, wakaozana, na leo anayepajua ni mama mmoja na ufagio wake. Katika gofu mojawapo tulimkuta ng'ombe amejilaza penye kibla anatafuna. Nikamwinulia fimbo. "Mwache kwanza," alisema Bi Mwanahawa, "huenda naye amemtoroka mkwe wake." Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Kicheko kile kilinifanya nithubutu, na nilipothubutu nikaharibu siku.

"Mama," nikamwambia, "mie nikuulize. Mie ni nani?"

"Ni nani vipi?"

"Wenzangu wote wana jina. Huyu mke wa fulani, yule kizuka yumo edani, yule kaachwa. Mie nikienda kisimani wananyamaza. Siwezi kujipaka hina, siwezi kuvaa nguo za eda, siwezi kurudi kwetu. Shomari kama yu hai na aje, na kama amekufa, nipe ruhusa nimlie! Hata kumlia mume wangu umeninyima."

Alianza kung'oa majani kwenye ufa wa sakafu. Aliponijibu hakunitazama. "Wewe ni mke wa mwanangu. Ukiacha kuwa mke wa mwanangu, mie nitakuwa mama wa nani?"

Tulimtoa ng'ombe, tukafagia mavi yake, tukasali. Usiku huo tulilala kwa jamaa wa mbali wa Bi Mwanahawa, wakatupikia kisamvu cha nazi na samaki wa kuchoma, wakatutandikia mkeka mzuri ukumbini. Walipodhani tumelala nikamsikia mwenye nyumba akimwambia mkewe, "Huyu binti wanamzeesha bure." Mkewe akamjibu, "Nyamaza wewe. Ungekuwa mwanao?" Nilijua kwamba Bi Mwanahawa alikuwa macho na amesikia kama mie, kwa sababu alinyoosha kanga yake akanifunika nayo miguu, na hakuvuta uradi.

Baada ya safari ile alianza kukawia. Alikuwa ameniambia umebaki msikiti mmoja tu, wa Kisimani, ule alioonyeshwa na bibi yake utotoni, mkubwa, wenye mihrabu ya kuchonga. Kwanza akasema magoti yanamuuma. Kisha masika ikaanza, njia zikajaa maji. Masika ikakatika, akasema tuvune kwanza. Maalim Kombo alipita akiulizia hali, akajibiwa hali ni njema, akaenda zake. Nilimwelewa vizuri: msikiti ule ukifagiliwa, jibu linatakiwa. Nikawa namwona anautazama ufagio ulivyoegemea ukutani, anageuza uso. Mie nilikuwa natamani twende hata leo, na wakati huo huo nikimsikia amelala usingizi wa mang'amung'amu upande wa pili wa ukuta, roho yangu inamhurumia. Mtu anaweza kuyabeba yote mawili, na yote yakawa mazito.

Siku aliyoamua hakunipa notisi. Alifunga makaa ya kuwashia, akasema tu, "Twende tukamalize." Tulivuka mpaka Utende, tukapata gari hadi Kilindoni, tukalala kwa mtu, na alfajiri tukashika njia ya Kisimani kwa miguu. Karibu na kufika tulimkuta mzee mmoja anafua nazi, tukamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Mwendapi na ufagio?"

Bi Mwanahawa akamwambia, msikitini, ule wa kale. Mzee aliiweka chini ile nazi, akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Hakuwaambia mtu? Umekwenda ule. Bahari ilikuwa inaula kidogo kidogo miaka yote, lakini masika hii ndiyo imeumaliza. Ukuta wa mihrabu ulianguka mwisho. Tuliusikia mpaka huku."

Bi Mwanahawa alishukuru, akaendelea kutembea kana kwamba ameambiwa njia tu. Nikamfuata. Maji yalikuwa yamekupwa. Pwani palikuwa na mawe yametawanyika mchangani, mengine bado yana chokaa upande mmoja, kipande cha sakafu kimelala ubavu, na kaa wanaingia na kutoka chini yake. Hapakuwa na mlango wa kuvulia viatu. Alivivua hata hivyo, akavishika mkononi, akawa anazunguka yale mawe anatafuta mahali pa kuanzia kufagia. Alifagia mara moja, mara mbili, mchanga ukafunika mchanga. Akausimamisha ufagio. Nilimwona anaitazama bahari, si kwa hasira, ni kama mtu anayemtazama jirani aliyemwibia kwa muda mrefu na leo ndiyo kamkuta na kitu mkononi.

"Hata nyumba ya Mungu imeichukua, Zaituni," alisema. "Basi mwanangu mie angeponaje?"

Nilidhani atakaa chini alie, nikamsogelea. Lakini alitia udhu kwa maji ya chupa, akanipa na mie, akapima jua akaelekea kibla, akaniambia nisimame ubavuni mwake tusali. Nikaweka nia ya rakaa zetu mbili za siku zote. Akapiga takbira. Nikasoma Fatiha, nikangoja arukuu nimfuate. Hakurukuu. Akapiga takbira ya pili, amesimama vile vile. Kila aliyepata kusimama mbele ya jeneza anajua ni sala ipi isiyoinamishwa mgongo, isiyo na rukuu wala sijida, ambayo mtu huisali wima kutoka mwanzo hadi mwisho. Akapiga ya tatu, akamwombea, nikasikia jina, Shomari mwana wa Mwanahawa, msamehe, mrehemu. Akapiga ya nne. Alimsalia mwanawe pale, kwenye mchanga, yeye mama mtu, kabla ya Maalim na kabla ya mji.

Alipotoa salamu kulia na kushoto alinigeukia. Mashavu yake yalikuwa makavu kabisa.

"Mumeo amekufa, mwanangu," akasema. "Twende nyumbani ukakae eda."

Mwaka mzima nilikuwa nimeyangoja maneno hayo. Nilikuwa nimeyaomba, nimeyapigania, nimeyalilia mbele ya ng'ombe. Sasa nilikuwa nimepewa, nami nikamshika kanga kwa mikono miwili, nikasikia sauti yangu mwenyewe inamwambia, "Mama, tungoje kidogo. Tungoje kidogo tu, labda yuko njiani."

"Basi, Zaituni," alisema, akanivuta kichwa akakiweka begani mwake. "Basi, mwanangu. Lia sasa."